Maswali na Majibu: Pikipiki Iliyozeeka Ipimwe Kabla ya Kununuliwa Vipuri

Barua nyingi zilizofika kwa ajili ya toleo hili zinaeleza shida moja kwa sura mbalimbali: pikipiki ya miaka mingi inasumbua, kipuri kimoja baada ya kingine kimebadilishwa, fedha zimekwisha, na ugonjwa uko palepale. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kufanyiwa kazi nyumbani na mtu mwenye spana chache, bisibisi, kipimo cha umeme cha bei nafuu na fila ya kupimia nafasi za valvu.

Karibu kila jibu linagusa petroli, kwa hiyo naanza na tahadhari ambayo nawasihi wasomaji wasiiruke. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, maana yake ni kwamba katika hali ya hewa yetu mvuke huo upo wakati wote. Ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua bila mtu kuuona. Fanyeni kazi nje, mchana, mbali na jiko, kibatari na sigara, na watoto wasiwe karibu.

SWALI: Ndugu Fundi, pikipiki yangu ni ya muundo wa CG125, iliyotengenezwa China, na nimeitumia kwa bodaboda hapa Singida kwa zaidi ya miaka 10. Asubuhi inawaka kwa kiki ya kwanza. Baada ya nusu saa ya kazi inaanza kukosa nguvu, inamisi, kisha inazimika. Nikikaa kando ya barabara kama robo saa inawaka tena kana kwamba haikuwa na tatizo. Tayari plagi imebadilishwa, kabureta imebadilishwa, na sasa fundi anataka ninunue koili na CDI. Je, nikubali? – Msomaji, Singida

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujatoa shilingi kwa ajili ya CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi, nakuomba uitumie ile robo saa unayokaa kando ya barabara, kwa sababu ndio wakati pekee ambao ugonjwa uko mbele yako. Fundi anayeipokea pikipiki ikiwa imeshapoa anaikagua ikiwa nzima, na hapo hana njia nyingine isipokuwa kubahatisha. Wewe ndiye uliye nayo inapozimika, kwa hiyo vipimo hivi ni vyako.

Dalili ulizoeleza zina watuhumiwa wakuu watatu: mafuta hayafiki kwenye kabureta kwa kasi inayotakiwa, moto wa plagi unapotea injini ikipata joto, au valvu haifungi sawasawa ikiwa ya moto. Kila mmoja hujitambulisha kwa namna yake.

Anza na mafuta, kwa sababu hayagharimu chochote. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kuingizia hewa kadiri petroli inavyopungua, na baada ya miaka ya vumbi tundu hilo huziba. Hewa isipoingia, petroli hukataa kushuka, bakuli la kabureta hukauka na injini huzimika. Ukisubiri, hewa kidogo hupenya na petroli hujikusanya tena, nawe unaamini kwamba kilichosaidia ni kupoa. Siku ikizimika, simama na ufungue kifuniko mara moja. Ukisikia mlio wa hewa ikivutwa ndani, na pikipiki ikawaka bila kusubiri, umeshapata jibu, na dawa yake ni kulizibua tundu kwa sindano na kukiosha kifuniko. Ikiwa hukusikia kitu, kinga chupa chini ya kabureta, ulegeze skrubu ya kutolea mafuta iliyo chini ya bakuli huku koki ikiwa wazi, kisha utazame. Petroli inapaswa kutiririka mfululizo. Ikianza kwa nguvu kisha ikageuka matone, basi kuna kizuizi kwenye koki, kwenye chujio lake lililo ndani ya tangi, au kwenye mpira wa mafuta uliojikunja. Fanya kipimo hiki injini ikiwa imezimwa, na usiruhusu tone liangukie ekzosi.

Mafuta yakionekana yako sawa, geukia umeme, baada ya kufuta petroli yote iliyomwagika na kuiondoa chupa mahali hapo. Tembea na plagi ya akiba mfukoni. Pikipiki ikizimika, chomoa kofia ya plagi, ivalishe ile ya akiba, igusishe sehemu yake ya chuma kwenye chuma tupu cha injini, kisha upige kiki. Ile ya kwenye injini iache mahali pake ili tundu la silinda lisitoe mvuke karibu na cheche. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Cheche ya manjano iliyo dhaifu, au kutokuwepo kabisa, kunakuelekeza kwenye umeme, lakini bado si lazima iwe CDI. Koili inayokuza umeme wa plagi, na ile koili ndogo inayohisi mzunguko wa magneti, ambayo mafundi huiita pikapu, zina nyaya nyembamba sana ndani yake ambazo zikizeeka hukatika kwa joto na kuungana tena zikipoa. Pima ukinzani wake zikiwa baridi, uandike, kisha upime tena zikiwa za moto. Ukinzani ukiruka kupita kiasi au njia ikakatika kabisa, umemkamata mhusika. Kabla ya hapo chomoa waya unaotoka kwenye swichi ya kuzimia injini, kwa sababu swichi iliyoingia vumbi na maji huweza kuzima moto yenyewe. Kofia ya plagi nayo hufunguka kwa kuzungushwa: kata kama nusu sentimita ya ncha ya waya iliyooza, uirudishe, kisha ujaribu tena. CDI iwe ya mwisho kushukiwa kwa sababu haina kipimo rahisi cha nyumbani. Hushtakiwa kwa kuwaondoa wengine wote.

Mtuhumiwa wa tatu ndiye ninayemshuku zaidi kwa pikipiki ya umri huu, na ndiye asiyetajwa na mafundi wengi. Asubuhi, kabla hujawasha, bonyeza kiki polepole kwa mkono uone inavyokataa kushuka. Fanya hivyohivyo ikizimika barabarani. Ikiwa inashuka kirahisi injini ikiwa ya moto, umepoteza mgandamizo, ule ambao mafundi huuita kompresheni, na hakuna plagi wala CDI itakayourudisha.

Kinachotokea ni hiki. Valvu inagonga kiti chake maelfu ya mara kwa dakika chache, na kwa miaka mingi valvu na kiti hulika, valvu ikazama ndani kidogo kidogo, na nafasi iliyoachwa kwenye tapeti, kile kipande kinachoisukuma valvu, ikapungua hadi kwisha. Valvu ya moshi, ambayo ndiyo hupata joto kali zaidi, hurefuka inapopata moto. Ikiwa haina nafasi, haikai tena kwenye kiti chake, gesi inayowaka inapita pembeni yake, na valvu inaanza kuungua. Watu wengi hudhani kwamba injini iliyonyamaza ina tapeti nzuri, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Tapeti inayogonga kidogo hukuudhi masikio, lakini ile iliyokaza kimya ndiyo inayochoma valvu.

Muundo wa CG125, ambao Honda waliutoa mwaka 1976 na viwanda vya China vikaunakili kwa wingi, hauna cheni ya taimingi. Valvu zake husukumwa na fito mbili zinazopanda kutoka chini, kwa hiyo kuzirekebisha hakuhitaji ufundi mkubwa. Injini iwe imepoa usiku mzima. Fungua kifuniko cha juu cha valvu na kile cha upande wa magneti, toa plagi, kisha uzungushe magneti taratibu mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kwenye injini huku mikono yote miwili inayosukuma valvu ikiwa imelegea. Ikiwa mmoja umekaza, zungusha mara moja tena, kwa kuwa T hupita mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi na ni moja tu inayofaa. Nafasi inayotakiwa kwa valvu zote mbili ni milimita 0.08. Fila ipite ikikwama kidogo, bila kulazimishwa na bila kucheza. Isipokuwa hivyo, legeza nati ya mkono wa valvu na ugeuze skrubu yake, kisha kaza nati huku ukiizuia skrubu isizunguke, halafu upime upya, maana mara nyingi kukaza nati hubadilisha kipimo.

Ukirekebisha na pikipiki ikapona, pima tena baada ya wiki kadhaa. Nafasi ikiwa imekwisha upya, kiti cha valvu kinaliwa haraka na kichwa cha silinda kinahitaji kwenda karakana kusagwa. Hiyo ni gharama ya haki, tofauti na ile ya koili uliyoambiwa ununue bila kipimo.

SWALI: Fundi, hapa Njombe kuna baridi, na pikipiki yangu ya mipigo minne hutoa moshi wa buluu kila asubuhi ninapoiwasha. Baada ya dakika chache moshi unaisha. Jirani ananiambia injini imekwisha na nibadilishe pistoni na ringi. – Msomaji, Njombe

JIBU: Jirani yako ana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu moshi wa buluu ni oili inayoungua, lakini saa ambayo moshi unatokea ndiyo inayosema oili imepitia wapi. Moshi wa asubuhi unaokoma baada ya muda mfupi mara nyingi unatokana na sili za valvu, zile pete ndogo za mpira zinazofuta oili kwenye shina la valvu. Mpira ukikauka, oili iliyobaki juu huteremka usiku kucha na kuungua pikipiki inapowashwa. Ringi zikichakaa, moshi hutokea unapovuta resi ukipanda mlima, na huendelea siku nzima.

Kama kuna kipimo cha mgandamizo kwa fundi yeyote jirani, kiazime. Pima injini ikiwa ya moto, resi ikiwa wazi kabisa, uandike namba. Kisha tia kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha injini ili oili isambae, upime tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba mwanya wa ringi na kwa hiyo ringi au silinda imelika. Isipobadilika na iko chini, tazama valvu. Ikiwa namba ni nzuri mara zote mbili, badilisha sili za valvu peke yake, na pistoni uiache ilipo. Hakikisha pia kwamba oili haikujazwa kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia, kwa kuwa oili iliyozidi husukumwa na mvuke wa injini hadi kwenye chujio la hewa na kutoa moshi uleule.

Ukiona plagi ina masizi makavu meusi, hilo ni jambo jingine. Katika mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ya pwani, na kabureta iliyopangwa Dar es Salaam itatoa petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana huko kwenu. Rekebisha skrubu ya hewa kwanza, na kama masizi yanaendelea, tafuta jeti kuu, kile kipande chenye tundu la kupimia petroli ndani ya kabureta, ya namba ndogo zaidi.

SWALI: Mhariri, mimi ni bwana shamba mstaafu. Nilipostaafu niliuziwa pikipiki niliyokuwa nikiifanyia kazi, Yamaha AG100, na bado naitumia kwenda shambani huku Babati. Siku hizi haina nguvu, haipandi kilima kwa gia ya tatu, na moshi wake umekuwa mwingi hata ikiwa ya moto. Vijana wa hapa hawajui injini hizi na wananishauri niiuze kama chuma chakavu. – Mzee, Babati

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Tafadhali usiiuze. Pikipiki hizi zilibuniwa kwa kazi ya shamba, cheni yake ikafunikwa yote kuikinga na tope, na injini yake ya mipigo miwili haina valvu wala tapeti za kusumbua. Vijana wanaikosea kwa sababu wanaitafutia magonjwa ya mipigo minne.

Injini ya mipigo miwili huchoma oili pamoja na petroli, na oili hiyo huacha kaboni ngumu kwenye mlango wa moshi wa silinda na ndani ya ekzosi. Kaboni ikijaa, moshi hauna pa kutokea, na injini inakosa nguvu pole pole kiasi kwamba mwenye nayo huzoea bila kuligundua hilo. Anzia mwishoni mwa ekzosi: fungua skrubu inayoshikilia bomba dogo la ndani, ulivute nje, ukwangue matundu yake yote. Kisha fungua ekzosi kwenye silinda. Ukiona mlango umepungua upana kwa kaboni, zungusha injini mpaka pistoni ifike juu kabisa ili ubavu wake uzibe mlango na uchafu usiingie ndani, halafu ukwangue kwa kipande cha mti mgumu. Usitumie bisibisi, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye pistoni utakugharimu zaidi ya kaboni yote hiyo.

Kuhusu moshi, naomba uulize jambo moja kwanza: je, kuna mtu aliyeanza kukuchanganyia oili kwenye tangi la petroli? Pikipiki yako ina pampu inayochota oili kutoka tangi lake na kuipeleka kwenye injini yenyewe. Kama pampu inafanya kazi na bado oili inatiwa kwenye petroli, injini inakunywa mara mbili, plagi inalowa, moshi unakuwa mwingi na kaboni inajaa upya baada ya muda mfupi. Kinyume chake ni hatari zaidi: kama pampu iliwahi kutenganishwa na sasa mtu akatia petroli tupu, pistoni itakwama. Fuatilia mpira wa oili kutoka kwenye tangi lake hadi kwenye injini, ujiridhishe kwa macho yako.

Kipimo cha mwisho ni cha oili ya giaboksi. Katika injini hizi oili ya gia na klachi iko chumba kimoja, na imetenganishwa na chumba cha kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa sili ya mpira. Sili hiyo ikichakaa, kranki hunyonya oili ya gia na kuichoma. Jaza giaboksi hadi alama, tumia pikipiki kwa wiki chache, upime tena. Oili ikiwa imepungua na hakuna tone lililovuja nje, sili ya upande wa klachi imekwisha. Ile ya upande wa magneti ina tabia nyingine: ikichakaa huvuta hewa badala ya oili, injini hupandisha mngurumo yenyewe bila resi, plagi huwa nyeupe na joto huzidi. Ukiona dalili hizo, iache pikipiki nyumbani mpaka sili ibadilishwe, kwa sababu hewa iliyozidi hutoboa pistoni. Sili zenyewe ni vipande vidogo vya mpira, na namba ya ukubwa huwa imeandikwa kwenye ubavu wake. Duka la beringi linaweza kuwa nazo hata kama duka la pikipiki halina, lakini hakikisha unapewa aina inayostahimili petroli na joto.

SWALI: Ndugu Fundi, marehemu mume wangu aliacha pikipiki ambayo sasa imekaa bandani zaidi ya mwaka mmoja, hapa Pangani. Kijana wangu anataka kuiwasha ili aitumie. Naogopa asije akaiharibu au akaumia. Aanzie wapi? – Mama, Pangani

JIBU: Mama, pole sana kwa msiba. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kijana kupiga kiki, kwa sababu mpigo wa kwanza katika injini iliyokauka unaweza kukwaruza silinda.

Atoe plagi, atie kijiko cha oili kupitia tundu lake, aache mpaka kesho yake, kisha azungushe injini polepole kwa kiki, akiibonyeza kwa mkono. Wakati huohuo afungue boksi la chujio la hewa. Katika pikipiki iliyolala bandani mara nyingi panya wamejenga humo, na matambara yao yakivutwa ndani ya kabureta kazi itakuwa kubwa. Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, lilowekwe oili ya injini na kukamuliwa. Asithubutu kuitumia bila chujio, hata kwa siku moja.

Petroli ya zamani imwagwe yote, kutoka kwenye tangi na kwenye bakuli la kabureta. Petroli ikikaa muda mrefu, sehemu zake nyepesi hupotea hewani na zinazobaki huganda kama gundi ndani ya jeti. Kabureta ifunguliwe juu ya sinia jeupe ili hakuna kipande kitakachopotea. Jeti kuu ni rahisi kusafishwa, lakini ile ndogo inayohudumia injini ikinguruma bila resi ina tundu jembamba kuliko sindano, nayo ndiyo inayoziba kwanza na kufanya pikipiki ikubali kuwaka kwa choki peke yake. Izibuliwe kwa unyuzi mmoja uliochomolewa kwenye waya laini wa shaba. Waya wa chuma utalipanua tundu na kulivuruga milele. Kabla ya kufungua skrubu ya hewa, aikaze taratibu akihesabu mizunguko mpaka ifike mwisho, aiandike, ili airudishe palepale.

Hewa ya bahari huko kwenu ina kazi yake pia. Kila kiungio cha waya kifunguliwe, na kile chenye ukungu wa kijani kisuguliwe mpaka chuma king'ae. Waya wa ethi unaoungana na fremu uangaliwe kwa uangalifu zaidi, kwani ethi mbovu huzaa matatizo yanayofanana na taa mbovu, stata mbovu na betri mbovu kwa pamoja. Betri ya volti 12 iliyochajiwa na kupumzishwa inapaswa kuonyesha volti 12.6 au zaidi. Ikiwa chini ya 12 hata baada ya kuchajiwa, imekufa. Injini ikiwaka na kuongezewa resi, kipimo kwenye betri kiwe kati ya volti 13.5 na 14.5. Kikizidi 15, kidhibiti cha chaji kimeharibika na kitaichemsha betri mpya utakayonunua.

Mama, jambo la mwisho ni la uhai, nalo lisimamie wewe mwenyewe. Tairi zina namba nne zilizochapwa ubavuni ndani ya kifremu kidogo: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 1915 ni wiki ya 19 ya mwaka 2015. Mpira uliopasukapasuka ubavuni usiaminiwe hata kama kashata zake bado zimesimama. Breki za ngoma zifunguliwe na kusafishwa kwa kitambaa kibichi, vumbi lisipulizwe kwa mdomo kwa kuwa bitana za zamani huweza kuwa na asbesto. Kama bitana imebaki milimita 2 au pungufu, ibadilishwe kabla kijana hajatoka nje ya ua.

SWALI: Cheni ya pikipiki yangu inagonga, lakini nikiikaza inalia na gurudumu linakuwa zito. Nimeikaza hadi bolti zimefika mwisho. – Msomaji, Kwale

JIBU: Cheni hiyo imekwisha, na kipimo chake ni rula tu. Cheni nyingi za pikipiki ndogo zetu ni za namba 428, ambazo umbali kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Ivute inyooke, pima kutoka katikati ya pini moja hadi ya 21. Ikiwa mpya utapata milimita 254. Ikifika 259, itupe. Badilisha na sproketi zote mbili pamoja nayo, kwa kuwa meno yaliyochongoka hula cheni mpya kwa muda mfupi. Inapofungwa, zungusha gurudumu utafute mahali inapokaza zaidi, kisha uache mchezo wa milimita 20 hadi 30 mahali hapo, mtu akiwa amekaa juu ya pikipiki kama kitabu cha pikipiki yako kinavyoagiza au ikiwa kwenye stendi. Klipu ya kiungio iwekwe upande wake uliofungwa ukitangulia kule cheni inakokwenda, la sivyo kipande cha jiwe kinaweza kuichomoa.

SWALI: Nilitia oili ya gari kwa sababu ni nafuu na mwenye duka alisema oili ni oili. Sasa nikivuta resi injini inalia lakini mwendo hauongezeki. Je, pleti za klachi zimeungua? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Huenda hazijaungua bado, kwa hiyo uache kuibebesha mzigo kuanzia leo. Klachi ya pikipiki yako huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi za magari ya petroli za siku hizi huwekewa viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta. Gari halipati madhara kwa kuwa klachi yake iko kavu, nje ya injini. Pleti zako zinategemea huo msuguano ili zishikane. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA, ambayo ni alama ya oili iliyopimwa kwa klachi za namna hii. JASO MB usiitumie, kwa kuwa ni ya skuta ambazo klachi yake ni kavu.

Lakini kabla ya kumwaga oili, tazama mkono wa klachi. Ncha yake inapaswa kucheza kati ya milimita 10 na 20 kabla ya kuanza kuvuta waya. Kama haichezi kabisa, waya unaishikilia klachi nusu wazi muda wote, na hakuna oili itakayoisaidia. Rekebisha hapo kwanza, ujaribu kwenye mlima mdogo. Ikiendelea kuteleza, mwaga oili injini ikiwa ya moto, tia ile sahihi, endesha taratibu bila abiria kwa kama kilomita 200, uimwage na kuibadilisha tena ili mabaki yatoke kwenye pleti. Ikiwa baada ya hapo bado inateleza, fungua kifuniko cha klachi na uzinuse pleti: zilizoungua zina harufu kali ya kuungua na uso wake umekuwa mweusi unaong'aa, na hizo ndizo za kununuliwa mpya, pamoja na springi zake ikiwa zimefupika kuliko mpya ukizisimamisha ubavu kwa ubavu dukani. Pleti mpya ziloweke kwenye oili safi usiku kucha kabla ya kuzifunga.